Nang'oa hita za matofali na kuhamia mita ya bei moja (Uingereza): kipi kitangulie?

#1 Mgeni_wa_Leeds
Wakuu salaam. Flati ya chumba na sebule, Leeds, jengo halina gesi. Kuna hita tatu zile nzito zenye matofali ndani, zinazochaji usiku na kutoa joto mchana: mbili za 2.55 kW (sebuleni na korido) na moja ya 1.7 kW chumbani. Mita ni ya bei mbili, Economy 7 (usiku rahisi, mchana ghali). Saa kumi alfajiri ndani tanuri, saa moja jioni jokofu. Nataka kung'oa zote, nifunge hita za paneli ukutani, halafu kampuni ya umeme inihamishie bei moja. Nianze na hita au na mita? Na je, kuna nafuu hapo au najidanganya?

#2 Kabwela_Makete
Siti ya mbele. Huku kwetu baridi tunaimaliza kwa kuni na masweta mawili. Tofali linalochajiwa kama simu ndiyo kwanza nalisikia leo. Wataalamu tiririkeni.

#3 FundiWaya
Mleta mada, swali la kipi kitangulie ndilo lenye mtego, kwa hiyo soma taratibu.

Fungua kabati la mita. Kwa kawaida utakuta maboksi mawili ya sakiti breka. Moja lina umeme saa 24: taa, soketi, jiko. La pili lina breka tatu au nne tu za 16A au 20A, na mchana limekufa kabisa. Hilo la pili linalishwa kupitia swichi ya saa, au kwenye mita mpya kupitia tundu la tano (la kutolea umeme wa usiku), na hufunguka usiku peke yake. Hita zako zote ziko humo, na mara nyingi hata koili ya chini ya tangi la maji ya moto.

Ukifunga paneli kwenye nyaya zilezile kabla ya kugusa kitu kingine, zitawaka usiku tu. Mchana utabonyeza hadi kidole kiote sugu.

Ukitanguliza mita ni hatari ya upande wa pili. Akija mtu wa mita akaweka ya bei moja na kuunganisha boksi la pili liwe na umeme muda wote, hita za matofali zitaanza kuchaji mchana. Zenyewe hazijui bei. Zinachojua ni kwamba tofali limepoa na umeme upo. Tatu zako zinavuta 6.8 kW kwa pamoja, karibu ampia 30.

Kwa hiyo hita zitoke au zizimwe kwanza kwenye swichi zake za ukutani, fundi umeme ahamishie sakiti zile tatu kwenye boksi la saa 24, na mita ifuate. Siku za katikati tumia hita ya kuchomeka kwenye soketi, lakini kumbuka mzunguko mzima wa soketi una breka ya 32A. Hita mbili za 2 kW na birika la 3 kW tayari ni 7 kW, umefika ukingoni.

Kabla ya yote, hesabu nafasi tupu kwenye boksi kuu. Zikikosekana ni boksi jipya, na England kubadilisha boksi au kuongeza sakiti mpya ni kazi inayoripotiwa chini ya kanuni za ujenzi (Part P). Chukua fundi aliyesajiliwa NICEIC au NAPIT, anajithibitishia mwenyewe na wewe unabaki na cheti.

#4 Bi_Hesabu
Fundi kamaliza nyaya, mimi naingia kwenye pesa. Bei hizi ni za mfano, weka zako: bei moja peni 27. Bei mbili, mchana 33, usiku 16.

Tuseme hita zinakula uniti 4,500 kwa mwaka, zote usiku. Matumizi mengine 2,000, kati yake 200 usiku.

Ukibaki ulivyo: 4,700 × 16 = £752. 1,800 × 33 = £594. Jumla £1,346.

Ukihamia paneli, chukulia matumizi ya joto yanashuka hadi 3,700 kwa sababu unawasha unapohitaji. Jumla 5,700 × 27 = £1,539.

Yaani umetumia uniti chache na umelipa £193 zaidi, bado gharama ya hita na fundi. Ili mizani ilingane, joto lishuke hadi uniti 2,985 hivi, ambalo ni punguzo la theluthi nzima. Ada ya kila siku sijaiweka, nimechukulia ni ileile pande zote.

#5 Kisu_Butu
Nilisoma kwamba ukitumia zaidi ya asilimia 40 usiku baki na Economy 7, chini ya hapo toka. Rahisi tu.

#6 Bi_Hesabu
@Kisu_Butu hiyo 40 si amri ya Musa. Toa bei moja kwenye bei ya mchana, kisha gawa kwa tofauti ya mchana na usiku. Kwa bei zangu: (33 − 27) ÷ (33 − 16) = asilimia 35. Pengo la mchana na usiku likipungua, asilimia inapanda. Kila mtu afanye kwa bili yake.

#7 Mwana_wa_Pwani
Salaam nyote. Mie naona mwataka kuchinja ng'ombe kwa sababu ya maziwa kumwagika. Yule alalamika tanuri alfajiri na jokofu jioni. Hiyo ni dalili ya vifundo kutumiwa kinyume, si lazima hita mbovu.

Juu ya hita hizo za zamani mna vifundo viwili. Kimoja cha kuingiza: chaamua tofali libebe joto kiasi gani usiku wa leo. Cha pili cha kutoa: chafungua kilango cha hewa hapo juu ili joto litoke upesi. Ukilala cha kutoa kikiwa kimefunguliwa, stima yaingia huku joto latoka, na alfajiri watoa jasho. Kabla ya kulala kirudishe kwenye 1. Kifungue jioni, saa kumi au kumi na moja, ukirudi kazini. Cha kuingiza kifuate hali ya hewa ya kesho.

Wiki moja hivyo, kisha uje utueleze.

#8 Mzee_Kipimo
#7 ana hoja lakini ameruka ugonjwa wa koili. Hita ya 2.55 kW ina koili tatu za 850 W, ya 1.7 kW ina mbili. Koili moja ikikatika huoni chochote, hita bado ya moto ukiigusa asubuhi, ila jioni haina akiba.

Kupima: zima breka yake na swichi yake ya ukutani, hakikisha kwa kipimo kwamba umeme umekufa, kisha weka multimita kwenye omu katikati ya nyaya mbili za hita. Koili tatu nzima zitasoma omu 21 hadi 23. Moja ikiwa imekufa, 31 hadi 34. Mbili zikiwa zimekufa, 62 hadi 68. Ukikuta imekatika kabisa, angalia kwanza kinga ya joto kali, ile inayojikata watu wanapoanika taulo juu ya hita. Wapo wanaotupa hita nzima kwa kosa la taulo.

Swichi ya kupimia joto (kile kifundo cha kuingiza) nayo lazima iwe kwenye mwisho, la sivyo itakuonyesha imekatika na wewe ulie bure.

#9 Nyota_Kaskazi
Naongeza kitu kwa waliopo Scotland wasije wakafuata uzi huu kichwakichwa. Huku zipo nyumba zenye mfumo wa Total Heating Total Control: mita mbili, moja ya joto na maji, nyingine ya taa na soketi. Bei ya chini inahusu mita ya joto tu, saa zake zinapangwa kwa mbali. Sio kama Economy 7 ambapo hata mashine ya kufua inapata bei ya usiku. Kuhamia bei moja huku ni kuunganisha mita mbili ziwe moja, na nyaya zinabadilika zaidi.

#10 Kisu_Butu
Hivi hizo mita za kuendeshwa kwa ishara ya redio si zilizimwa 2024?

#11 Nyota_Kaskazi
Ilipangwa Machi 2024, ikasogezwa hadi 30 Juni 2025, na kuanzia hapo zikaanza kuzimwa kwa awamu, eneo baada ya eneo. Ishara ilikuwa inapanda juu ya mawimbi marefu ya Radio 4, 198 kHz. Mleta mada aangalie kama pembeni ya mita kuna kiboksi cheusi kimeandikwa Radio Teleswitch. Kisipopata ishara kinaweza kuganda kikiwa kimewasha au kimezima. Joto linalokataa ratiba linaweza kuwa limetokea hapo.

#12 Mgeni_wa_Leeds
Asanteni sana. Hakuna kiboksi cha redio. Ni mita ya dijiti ya zamani na swichi ya saa yenye sahani inayozunguka, vimekaa sambamba. Multimita sina. Kesho nitasoma mita usiku na asubuhi. Nisome saa ngapi?

#13 FundiWaya
Soma saa nne usiku, halafu soma tena saa moja na nusu asubuhi. Andika rejista zote mbili (namba ya usiku na ya mchana) kila mara. Kwa maeneo mengi Economy 7 ni saa sita na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi au karibu na hapo, na saa nyingi za mita hazisogezwi saa moja kama Waingereza wanavyosogeza saa zao kiangazi. Kwa hiyo kiangazi kwa saa ya mkononi inasogea mbele saa moja: saa saba na nusu hadi saa mbili na nusu. Watu wanawasha mashine ya kufua saa sita na nusu mwezi wa Julai wakidhani wanapata bei ya usiku.

#14 Kabwela_Makete
Kumbe Economy 7 inaanza saa sita. Kiswahili kimewashinda hao.

#15 Mwana_wa_Pwani
Saba ni idadi ya masaa, yakhe, si saa ya kuanza. Ilianza mwaka 1978: mitambo mikubwa haizimwi usiku, na watu wamelala, basi wakaiuza rahisi.

#16 Kabwela_Makete
Sasa mbona sisi hatuuziwi hivyo? Usiku huku taa moja tu inawaka, ya kwa mwenyekiti.

#17 Mwana_wa_Pwani
Kenya ipo tangu Desemba 2017, lakini kwa viwanda na biashara, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mpishi wa chapati nyumbani hayumo. Turudi kwenye mada kabla hatujafungiwa uzi.

#18 Tajiri_wa_Mtaa
Wote mnazunguka. Nunua zile paneli za kisasa zenye seramiki ndani, zinakula nusu ya umeme. Mleta mada weka hizo, sahau matofali.

#19 Mzee_Kipimo
Hapana. Uniti moja ya umeme ikiingia kwenye hita yoyote ya koili inatoka joto la uniti moja. Seramiki, mafuta, jiwe la thamani, hata kibaniko cha mkate, yote sawa. Akiba inatoka kwenye taima, themostati, na kutopasha chumba kisicho na mtu. Ukitaka uniti moja ikupe tatu, hiyo ni pampu ya joto. Ile inayopasha maji ya radieta ina ruzuku ya £7,500 England na Wales, lakini kwenye flati utahitaji ruhusa ya mwenye jengo kuweka kipande cha nje, na mahali pa kukiweka.

Kuhusu ukubwa, watu huogopa bure. Hita ya 2.55 kW ikichaji masaa saba ni uniti 17.85. Gawa kwa 24, wastani ni kama 0.74 kW tu. Paneli ya 2 kW sebuleni inatosha na kubaki. Usiuziwe ya 3 kW.

#20 Tajiri_wa_Mtaa
Sawa mwalimu. Lakini jirani zangu wote wamefunga na wanasifia.

#21 Mzee_Kipimo
Wanasifia kwa sababu sasa chumba kina joto jioni. Waulize bili.

#22 Mpangishaji
Mleta mada, hujasema kama flati ni yako au umepanga. Kama umepanga, bei unaweza kuhama kwa kuwa mlipa bili ni wewe, ila hita ni mali ya mwenye nyumba na mita mpya mwambie kabla. Naye ana sababu ya kusita: kwenye cheti cha nishati (EPC) paneli kwa bei moja zinapewa alama mbaya kuliko hita za kuhifadhi joto, maana hesabu ya cheti inatumia bei ya umeme. Nyumba iliyokuwa D chini inaweza kuangukia E, na iliyokuwa E ikatoka nje. Tangu Aprili 2020 upangaji wote wa kawaida England na Wales unahitaji angalau E.

Njia ya kati ambayo hamjaitaja ni kubadilisha kwa hita mpya za kuhifadhi joto. Tangu 1 Januari 2018 mpya zote zinatakiwa ziwe na udhibiti wa kielektroniki. Zile bora zina feni, ganda nene, na zinajipangia zenyewe zichaji kiasi gani. Unabaki na Economy 7.

#23 FundiWaya
Nakubaliana na #22, ila nyaya tena! Hizo zenye feni kwa kawaida zinataka milisho miwili: mmoja wa usiku kwa koili za kuchaji, mmoja wa saa 24 kwa feni, kioo na joto la dharura. Ukutani kwako kuna waya mmoja tu wa usiku. Kupitisha kebo ya pili hadi kila hita ndiko kunakopandisha bei ya kazi, na mafundi wengine hawakuambii hadi wamefika.

Na kwa mnaong'oa: zima, subiri siku mbili zipoe kabisa, kiini cha tofali kinakaa na moto muda mrefu. Fungua skrubu za uso wa mbele, toa ganda la ndani, toa tofali moja moja kwa mikono miwili. Usijaribu kuivuta nzima, kubwa inapita kilo 100 na imefungwa ukutani isipinduke. Vaa barakoa. Ikiwa hita ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970, usiifungue kabisa. Baadhi zina asbesto, hiyo ni kazi ya watu wa asbesto.

#24 Mgeni_wa_Leeds
Flati ni yangu, jengo si langu. Hita zina lebo ya miaka ya 1990.

Nimesoma. Saa nne usiku hadi saa moja na nusu asubuhi: rejista ya usiku imeongezeka 31, ya mchana imeongezeka 9. Vifundo vya kuingiza vyote vilikuwa mwisho. Hii maana yake nini?

#25 Mzee_Kipimo
Tofali tupu, hita zote nzima, ungeona hadi 47.6 kwa hita pekee. Wewe una 31. Toa friji na vitu vidogo, uniti 1 na kitu, zinabaki karibu 29.75. Gawa kwa masaa saba: 4.25 kW. Hiyo ni koili tano za 850 W. Una nane. Koili tatu zimekufa.

#26 Mwana_wa_Pwani
Hesabu nzuri mno, hadi natilia shaka. Mbona zisiwe nane nzima na themostati zimekata saa kumi alfajiri kwa sababu matofali hayakuwa yamepoa yote? Kifundo mwisho si kusema yachaji masaa saba, ni kusema yachaji hadi yashibe. Na hiyo ya korido, nani aitumia joto lake? Bila shaka ililala nusu imejaa.

#27 Bi_Hesabu
Mimi jicho liko kwenye ile 9 ya mchana. Kati ya saa nne na saa sita na nusu ni masaa mawili na nusu. 9 ÷ 2.5 = 3.6 kW mfululizo, watu wanajiandaa kulala. Nini kinavuta hivyo?

#28 FundiWaya
Mshukiwa wa kwanza ni tangi la maji. Koili ya juu 3 kW imeachwa imewashwa kwenye swichi ya nyongeza: 3 × 2.5 = 7.5, friji na televisheni zinamalizia. Tangi la lita 210 kutoka 15°C hadi 60°C linataka uniti 11 hivi.

Mshukiwa wa pili ni mbaya zaidi. Amesema swichi ya saa na mita ni vitu viwili tofauti. Kikiwa kifaa kimoja, bei na umeme wa hita vinahama pamoja, hata saa ikikosea hulipi zaidi. Vikiwa viwili, swichi yenye sahani inaweza kuchelewa umeme unapokatika. Au iliwahi kusogezwa na mtu. Ikiwa ilisogezwa mbele, inaweza kufungua hita saa tano na nusu wakati mita bado inahesabu mchana. Saa moja ya 4.25 hadi 6.8 kW, na nyingine kwenye televisheni na birika. Nayo inafika 9.

Kutofautisha: leo usiku zima swichi ya tangi, kaa na kiti mbele ya kabati kuanzia saa tano. Kontakta (swichi nzito inayowasha boksi la hita) ikifunga inalia "tak" moja nzito, huwezi kuikosa. Andika dakika. Kisha ona rejista gani inaanza kusogea kwa kasi.

#29 Kisu_Butu
Au wamesajili rejista kichwa chini miguu juu. Bili inasoma usiku kama mchana.

#30 Bi_Hesabu
Hilo hutokea, lakini si kwa namba hizi: rejista iliyokimbia usiku ni ya usiku. Alinganishe tu na bili, bili ya baridi ikionyesha mchana mkubwa kuliko usiku kwa nyumba kama hii, hapo majina yamepishana kwenye kumbukumbu zao. Na aangalie tarakimu mbili za juu kushoto kwenye namba ya usambazaji umeme (MPAN) yenye herufi S, kama bili yake bado inazo: 01 ni bei moja ya nyumbani, 02 ni bei mbili. 03 na 04 ni za biashara, msichanganye.

Jambo jingine: kuna kampuni ambazo zinaweza kukutoza bei moja bila kubadilisha mita, wanajumlisha rejista zote mbili. Kwa mita janja wanabadilisha kwa mbali. Lakini uliza ratiba ya tundu la tano inabaki vipi. Bei ikihama na ratiba ikabaki, hita zinachaji usiku kwa bei ya mchana na hakuna anayekupigia simu.

#31 Mpangishaji
Kwa hiyo tuna koili, vifundo, tangi, na saa. Bila kugusa mita.

#32 Tajiri_wa_Mtaa
Na paneli zangu za seramiki.

#33 Mgeni_wa_Leeds
Nimekaa na kiti kama alivyosema Fundi, tangi nimelizima. "Tak" imelia saa 5:52 usiku. Rejista ya usiku imeanza kusogea saa 6:31.

#34 Mzee_Kipimo
Dakika 39. Hata koili nane zote zikiwa nzima hiyo ni uniti 4.4, kwa tano ni 2.8. Haifikii 9.

#35 FundiWaya
Tangi limezimwa, ndiyo maana tunataka rejista ya mchana ya leo. Ilisoma ngapi saa nne, na ngapi saa 6:31?

#36 Kabwela_Makete
Wakati mnahesabu, mtu ampelekee blanketi, amekaa kabatini tangu saa tano.